Kadi ya Baba

Baba alianza kukohoa mwaka 1976. Tulikuwa tukiishi kambini, katika shamba la mkonge mkoani Tanga, na kikohozi cha mkata mkonge hakikuwa habari. Zahanati ilimpa dawa ya maji, mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Hakuna aliyemwomba makohozi. Miezi mitano ikapita hivyo, naye akilala chumba kimoja na sisi watoto wanne.

Kifua kikuu kilipogunduliwa hatimaye, tiba ya siku zile ilikuwa ndefu: sindano za streptomaisini kwa miezi miwili, kisha vidonge vya thiasetazoni na isoniazidi, yote kwa jumla mwaka mzima au zaidi. Lakini mgonjwa hupata nafuu baada ya wiki chache tu. Hapo ndipo ulipokuwa mtego. Mwaka 1977 baba, akiwa na nafuu yake na vidonge vya mwezi mmoja, alitupakia kwenye gari moshi tukarudi nyumbani Kigoma. Vidonge vilipokwisha alikwenda kwenye kituo cha karibu. Wakamwambia hana barua, na jina lake halimo katika daftari lao. Hakurudi tena. Alikuwa mtu wa kuona haya, na haya hiyo ilitugharimu. Mwaka uliofuata mdogo wetu wa mwisho alifariki kwa homa, shingo imekakamaa. Chanzo hakikuandikwa popote.

Mwaka huohuo wa 1977, bila sisi kujua, ulianza Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma. Mshauri wake mkuu alikuwa daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Czechoslovakia, ambaye mwenyewe aliupata ugonjwa huu akiwa kifungoni chini ya Wanazi. Jambo alilolisimamia halikuwa la ajabu: darubini wilayani, daftari, kadi, na mratibu wa kumfuata asiyefika. Kila robo mwaka walihesabiwa waliopona, waliokufa, waliohama na waliotoroka. Yaani mtu kama baba alipata safu yake. Katika miaka ya 1980 ikaongezwa rifampisini, tiba ikawa ya miezi 8, na miezi miwili ya mwanzo mgonjwa alimeza dawa mbele ya mhudumu. Waliopona walifikia takriban asilimia 80. Shirika la Afya Duniani liliutangaza ugonjwa huu kuwa dharura ya dunia mwaka 1993, kisha likaeneza utaratibu uliotokana na kazi hiyo.

Baba alirudiwa na ugonjwa, akatibiwa upya chini ya mpango huo, akapona, ingawa pumzi yake haikurudi kamili. Kadi yake ninayo. Alama za kila siku zimejaa mpaka mwisho, isipokuwa siku mbili za msiba wa shangazi.

Hata hivyo, ninapoishika, hunijia lawama moja. Mpango ulimfuata aliyekwisha kuandikwa. Ambaye hajaandikwa ulimsubiri aje mwenyewe. Kadi inaanza na tarehe ya sindano ya kwanza. Ile miezi mitano ya dawa ya maji haina kisanduku.