Kuhamisha betri ya gari: Nafasi ya hewa isigeuke chanzo cha moto

MIONGONI mwa marekebisho ambayo wapenzi wa mwendo huyafanyia magari madogo ya petroli, kuitoa betri chini ya boneti na kuipeleka kwenye buti ni mojawapo ya yale yanayoonekana mepesi. Lengo huwa ni kupata nafasi ya bomba pana la kuingizia hewa kwenye injini. Fundi stadi huweza kuikamilisha kazi hiyo kwa siku moja. Hata hivyo, kebo inayotoka kwenye betri huko nyuma hadi mbele kwa injini ndiyo huamua iwapo gari litabaki salama au litakuwa hatari kwa wanaosafiri ndani yake.

Haja ya kuhamisha betri hutokana na mpangilio wa viwandani. Katika magari mengi ambayo injini yake imelazwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, Toyota Corolla nyingi zikiwemo, betri na sanduku la kichujio cha hewa hukaa jirani, karibu na giaboksi. Mfumo mbadala wa kuingizia hewa, ambao huuzwa na watengenezaji wa vipuri wasiohusiana na kampuni iliyounda gari, huwa na bomba nene na kichujio kikubwa chenye umbo la pia. Mara nyingi kichujio hicho hukosa pa kukaa hadi betri iondoke.

Faida inayotafutwa ni hewa nyingi na baridi. Kadiri hewa inavyopata joto ndivyo inavyotanuka na kubeba oksijeni chache katika ujazo uleule. Hewa yenye joto la nyuzi 60 za selsiasi huwa nyepesi kwa takriban asilimia 10 ikilinganishwa na hewa ya nyuzi 25. Kwa sababu hiyo, kichujio kilichoachwa wazi kando ya injini inayotoa joto, hasa gari linapokwama kwenye msongamano, kinaweza kupunguza nguvu badala ya kuziongeza. Nafasi iliyoachwa na betri huwa na maana tu iwapo kichujio kitakingwa kwa bamba dhidi ya joto la injini na kuelekezewa hewa kutoka mbele ya gari.

Wakazi wa maeneo ya juu wana jambo jingine la kuzingatia. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa takriban asilimia 18 likilinganishwa na la Mombasa. Bomba pana haliwezi kurejesha upungufu huo. Aidha, kichujio kinachowekwa chini kabisa, nyuma ya bampa, kinaweza kufyonza maji gari linapopita kwenye barabara iliyofurika. Maji yakiingia ndani ya silinda hayashindiliki kama hewa, na fimbo za pistoni huweza kupinda.

Betri kukaa nyuma si jambo geni. Gari la Mini lililozinduliwa Uingereza mwaka wa 1959 lilikuwa na betri ndani ya buti, kwani sehemu ya mbele ilikuwa finyu mno. Miongo minne baadaye, BMW ilipofufua jina hilo, Mini Cooper ya kawaida iliwekewa betri chini ya boneti, lakini Cooper S ya kizazi cha kwanza, yenye kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini, ilipelekewa betri yake nyuma. Tofauti ni kwamba wahandisi wa viwandani hupanga pia njia ya kebo na kinga yake. Katika magari kadhaa ya BMW yenye betri nyuma, kituo cha betri kina baruti ndogo inayoikata kebo ya injini papo hapo ajali kubwa inapotokea.

Gari linalorekebishwa katika karakana halina kinga ya aina hiyo. Betri nzima ya volti 12 inaweza kutoa zaidi ya ampea 1,000 kwa muda mfupi iwapo ncha yake chanya itagusana na bodi la gari. Mkondo huo hutosha kuyeyusha ganda la kebo na kuwasha zulia kwa muda mfupi mno. Betri ikiwa mbele, kebo hiyo huwa fupi na huonekana. Ikiwa nyuma, huwa na urefu wa mita nne au tano, na hupita chini ya viti na kuvuka kuta za chuma.

Kwa hivyo, hatua muhimu kuliko zote ni kuweka fyuzi kubwa kwenye kebo chanya, karibu na betri iwezekanavyo. Fyuzi iliyowekwa mbele karibu na injini haikingi sehemu yoyote iliyo nyuma yake. Ukubwa wake sharti uzidi mkondo unaovutwa na stata lakini usizidi uwezo wa kebo. Kila mahali kebo inapopenya chuma, tundu huvishwa pete ya mpira, na kebo huwekwa mbali na bomba la petroli na lile la moshi.

Unene wa kebo nao una hesabu yake. Stata ikivuta ampea 200 kupitia kebo ya shaba ya milimita mraba 16 yenye urefu wa mita tano, takriban volti 1.1 hupotea njiani. Kwa kebo ya milimita mraba 35, kinachopotea ni kama volti 0.5. Kebo nyembamba hupata joto, nayo stata huzunguka kwa uzito asubuhi. Ncha hasi huunganishwa na bodi kwa kebo fupi ya unene uleule, mahali palipokwanguliwa rangi, na waya unaounganisha injini na bodi sharti uwe na nguvu sawa na hizo.

Betri yenyewe yafaa kufungwa kwa chuma, si kwa kamba wala mkanda wa plastiki. Betri ya kilo 15 katika mgongano mkali unaofikia mara 20 ya nguvu za mvutano wa ardhi husukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 300. Ndiyo maana kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA), kwa magari ya mashindano ambayo betri yake imehamishwa, hudai bolti zenye kipenyo kisichopungua milimita 10, pamoja na bamba la chuma lenye unene wa milimita tatu chini ya kila bolti.

Betri za kawaida pia hutoa haidrojeni zinapochajiwa. Gesi hiyo huweza kulipuka ikifikia takriban asilimia nne ya hewa. Betri iliyo katika nafasi moja na abiria huwekwa ndani ya sanduku lisilovuja lenye mpira wa kutolea gesi nje ya gari. Hata betri zilizofungwa kabisa zina vali inayoweza kuachilia gesi zinapochajiwa kupita kiasi.

Kuna pia suala la waokoaji. Anayekimbilia gari lililogongwa huitafuta betri chini ya boneti. Asipoikuta, hupoteza dakika ambazo majeruhi hana. Chama cha NHRA, kinachosimamia mbio fupi za magari nchini Marekani, huagiza gari lenye betri iliyohamishwa liwe na swichi ya kukata umeme upande wa nyuma, inayofikiwa kutoka nje. Swichi hiyo inafaa kuzima injini pia, kwa sababu altaneta huendelea kuzalisha umeme hata betri inapotengwa.

Kwa mwenye gari la matumizi ya kila siku, lipo chaguo rahisi zaidi: betri ndogo iliyo mahali pake pa awali, au bomba lililokunjwa kuipitia kando. Anayeazimia kuihamisha yafaa aiarifu kampuni ya bima kabla ya kazi kuanza, na asikubali kulichukua gari kutoka kwa fundi kabla ya kuonyeshwa fyuzi ilipo. Ikiwa fundi hana cha kumwonyesha, kazi haijakwisha.