Viongozi wa bendi wa mji kasoro bahari

Pale Msamvu ndipo barabara itokayo Dar es Salaam inapogawanyika, moja ikishika Dodoma, nyingine Iringa. Abiria wengi huiona Morogoro, huo mji kasoro bahari, kupitia dirishani tu, milima ya Uluguru ikiwa nyuma ya stendi, kisha hao wanaondoka. Mji huu wanaoupita ndio uliozaa viongozi wawili wa bendi ambao nawahesabu miongoni mwa wakubwa kabisa katika muziki wa dansi wa Afrika Mashariki.

Kiongozi wa bendi ya dansi si sawa na kondakta wa okestra. Huko Ujerumani, kondakta Wilhelm Furtwängler alikabidhiwa okestra ya Berlin Philharmonic mwaka 1922. Alisimama na kijiti mkononi, mgongo kwa wasikilizaji, akiongoza kazi zilizokwisha kuandikwa. Kiongozi wa dansi hana kijiti. Anawatazama watu, anaimba au anapiga gitaa, wimbo ni wake mwenyewe, na wenzake wanajua kwa mlio wa gitaa au kwa jicho lake kwamba sasa tunaingia kwenye chemko, sehemu ya wimbo inayochangamka.

Wa kwanza ni Salum Abdallah Yazidu, ambaye wapenzi walimfupisha wakamwita SAY. Alizaliwa Morogoro mwaka 1928. Reli ya Wajerumani ilikuwa imefika mjini tangu 1907, mashamba ya mkonge yakaenea hadi Kimamba na Kilosa, na penye mshahara wa mwisho wa mwezi hapakosi dansi. Santuri za mfululizo wa GV zilileta rumba na soni za Kuba, naye akazipenda kupita kiasi. Mwaka 1948 alianzisha bendi iliyokuja kujulikana kama Cuban Marimba. Jina na mapigo vilitoka ng'ambo, lakini maneno aliyatia Kiswahili chepesi, cha mapenzi na cha mafumbo, ambacho mzee na kijana walikielewa kwa pamoja. Ukisikiliza "Ngoma Iko Huku" utasikia mtu asiye na haraka, na bendi nzima inayomfuata taratibu bila kumkanyaga.

Kwa upande wa pili wa mji kulikuwa na Morogoro Jazz, iliyoanzishwa 1944. Mashabiki walijigawa kama wanavyojigawa wa Simba na Yanga. Katikati ya miaka ya 1960 akaingia kiongozi wetu wa pili, Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, na Morogoro Jazz ikapata mtunzi, mwimbaji na mpiga solo ndani ya mtu mmoja. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Japani kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya Expo 70, Osaka.

Mwaka 1973 Mbaraka alitoka, akaunda Super Volcano. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania, na aliyetaka santuri alitazama Nairobi. Wimbo mrefu ulibidi ukatwe, nusu upande wa kwanza wa santuri, nusu upande wa pili, hivyo mtunzi alipaswa kujua mapema mashairi yanaishia wapi na magitaa yanapokea wapi. Katika "Shida" Mbaraka anaimba kama anayemweleza jirani mambo yake, halafu gitaa la solo linayachukua yale yale na kuyasema upya. Rithimu na besi hazijitokezi kushindana naye. Nidhamu hiyo ni kazi ya kiongozi, ingawa sifa zote tumezipeleka kwenye vidole vyake.

Barabara iliwachukua wote wawili. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka naye, Januari 1979, kwa ajali huko Mombasa, akiwa na miaka 34. Super Volcano haikuinuka tena kama ilivyokuwa.

Cuban Marimba ilikuwa na bahati nyingine, na hapa pana mtu ambaye kwangu hajatendewa haki katika simulizi za dansi: Juma Kilaza. Alirithi bendi ya marehemu ambaye sauti yake watu walikuwa bado wanaidai. Angeweza kuishi kwa kuziimba nyimbo za SAY usiku hadi usiku. Alitunga zake, akaimba kwa sauti yake, na Cuban Marimba ikaendelea kurekodi na kujaza kumbi hadi miaka ya 1970, wakati ule ule Mbaraka alipokuwa juu kabisa.