Shirika ni mlango: namna parokia zetu zilivyowatafuta vijana na jamaa, tangu Mpala mpaka leo

Leo tunaongea historia.

Katika mikutano ya parokia huku kwetu mashariki mwa Congo kuna lalamiko moja linalorudi kila mara: vijana wanapungua, na jamaa zilizokimbia vita hazionekani tena. Wazee husema ni simu, ni makanisa ya uamsho, ni umaskini. Labda ni kweli. Lakini Kanisa Katoliki la nchi hii limekwisha kukutana na swali hili zaidi ya mara moja, na kila mara lilitafuta jibu. Tuyaangalie majibu hayo, maana moja kati yao linawahusu sana wale wanaolala usiku wa leo katika nyumba za watu.

Mtoto mbele, wazazi nyuma

Mwaka wa 1885 Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika. Biashara ya watumwa ilikuwa imevunja vijiji vingi. Wengi kati ya Wakristo wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, wasio na baba wala mama karibu. Misioni ikawa jamaa yao: iliwalea, ikawafundisha, ikawaoza, ikawapa mahali pa kulima. Kujitayarisha kwa ubatizo kulichukua miaka minne, na kazi ya kila siku kijijini ilikuwa mikononi mwa wakatekista. Ni upande huo huo wa Tanganyika alikotokea Stefano Kaoze, Mkongomani wa kwanza kupewa upadri wakati wa ukoloni, tarehe 21 Julai 1917.

Njia hiyo ilizaa matunda, hatuwezi kukana. Lakini iliacha desturi moja iliyodumu sana: kumchukua mtoto, kumtia shuleni, na kuwaacha wazazi wake pembeni kama wageni. Mtoto alijua katekisimu kwa moyo, na baba hakujua mtoto anafundishwa nini. Alipomaliza shule, mara nyingi alimaliza na kanisa pia.

Bukavu na Kolwezi, miaka ya 1950

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Padri Georges Defour, wa Mapadri Weupe, alianzisha Xaveri huko Bukavu. Ni chama cha vijana kilichopewa jina la Mtakatifu Fransisko Xaveri. Vijana walipangwa katika vikundi kufuatana na umri, wakajifunza kuongozana wenyewe, kuimba, kucheza, kufanya kazi za mikono na kusaidia wagonjwa. Siri yake ilikuwa moja: kijana hakuitwa kuja kusikiliza tu, alipewa kazi na wadogo wa kuwachunga. Kijana mwenye wadogo wanaomngojea hakosi mkutano.

Katika miaka ile ile, mbali kule Katanga, karibu na Kolwezi, kulikuwa na Mfransiskani mmoja Mbelgiji, Padri Placide Tempels, katika kambi ya wafanyakazi wa migodi. Wafanyakazi wale walitoka pande nyingi, wameacha kijiji, ukoo na wazee. Tempels alianza kukaa na mume na mke pamoja, kuwasikiliza na kuongea nao juu ya uzima, uzazi na mapendo. Chama kile kikaitwa Jamaa, kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Mke hakuachwa nyumbani wakati mume anaenda kusali, wala mume hakubaki kwenye pombe wakati mke yuko kanisani. Waliingia wawili au hawakuingia. Jamaa ilienea Katanga na Kasai. Baadaye vikundi vingine vilipotoka, na katika miaka ya 1970 maaskofu walilazimika kuvikemea. Hata hivyo wazo lake la msingi lilibaki: mtu aliyepoteza kijiji chake anahitaji nyumba nyingine ya kumpokea, na nyumba hiyo inaweza kuwa majirani wanaosali pamoja.

Angalieni basi. Bukavu walishika vijana, Kolwezi walishika mume na mke. Nani angewaweka wote chini ya paa moja?

Uamuzi wa mwaka wa 1961

Mwisho wa mwaka wa 1961 maaskofu wa Congo walikutana Léopoldville. Nchi ilikuwa imepata uhuru mwaka uliotangulia, na matata yalikuwa kila upande: uasi wa majeshi, Katanga kujitenga, mauaji ya Lumumba. Wamisionari wengi walikuwa wamekimbia au wanafikiri kuondoka. Katika hali ile maaskofu walisema kwamba Kanisa halitasimama juu ya misioni kubwa yenye shule na hospitali peke yake. Litasimama juu ya jumuiya ndogo zilizo hai, za watu wanaojuana. Neno hilo lilisemwa hapa kwetu kabla ya Mtaguso wa Vatikano wa Pili kufunguliwa mwaka wa 1962, na kabla ya ndugu zetu wa Kenya, Tanzania na Uganda kushika njia ya jumuiya ndogo ndogo katika miaka ya 1970.

Huku Kivu tumezoea kuziita mashirika. Jamaa za avenyu moja au za kilima kimoja hukutana nyumbani kwa mmoja wao, husoma Neno la Mungu, huulizana nani mgonjwa, nani amefiwa, nani hana chakula. Mzee, mama, kijana na mtoto huketi mahali pamoja.

Mwaka wa 1972: vyama vyafungwa

Jaribu kubwa lilikuja na siasa ya Mobutu ya kurudia asili. Mwaka wa 1972 majina ya ubatizo ya kizungu yalikatazwa. Kardinali Joseph Malula alipinga, akafukuzwa katika nyumba yake na kukaa Roma kwa miezi. Mwishoni mwa mwaka huo vyama vyote vya vijana vya kidini vilipigwa marufuku, kwa maana kijana wa Zaire alitakiwa kuwa wa MPR tu. Ilipofika mwisho wa 1974 shule za misioni zilichukuliwa na serikali, na somo la dini likaondolewa. Shule hazikurudishwa mikononi mwa makanisa mpaka mapatano ya mwaka wa 1977.

Hebu tufikiri. Xaveri marufuku, skauti marufuku, shule imekwenda. Ni wapi kijana Mkatoliki angefundishwa? Ni nyumbani na kwenye shirika, mahali ambapo hakuna bango wala sare ya kunyang'anywa. Serikali iliweza kufunga ofisi ya chama, lakini haikuweza kuweka askari katika kila sebule. Yaliyosemwa na maaskofu mwaka wa 1961 kama mpango, sasa yalikuwa ya lazima.

Huko Kinshasa Malula naye hakukaa kimya. Mwaka wa 1975 alianza kuwapa walei, watu wenye wake na watoto, uongozi wa parokia. Waliitwa bakambi. Katika miaka ile ile ya 1970, Padri Matondo kwa Nzambi, aliyekuja kuwa askofu, alianzisha Bilenge ya Mwinda, maana yake vijana wa mwanga, ambapo kijana huingia hatua kwa hatua akisindikizwa na wakubwa, kwa mfano wa mafunzo ya jando ya mababu. Sheria iliyotaka kuwaondoa vijana kanisani ililifanya Kanisa liwatafute kwa njia ya kwao wenyewe.

Mlango usigeuke kizuizi

Sasa tuje kwetu. Januari 2002 moto wa Nyiragongo uliunguza katedrali ya Mtakatifu Yosefu ya Goma, na waamini hawakuisha. Vita vimetuhamisha mara nyingi kuliko volkano. Mwanzoni mwa mwaka wa 2025 kambi za wakimbizi kando ya Goma zilibomolewa, na watu wakatawanyika. Wengi hawana tena parokia wanayoweza kuita yao.

Hapo ndipo historia inatuuliza swali gumu. Katika parokia nyingi, anayetaka kubatiza mtoto au kufunga ndoa huulizwa kwanza: uko shirika gani? Karte yako iko wapi? Michango yako je? Kanuni hiyo ina maana kwa mtu aliyekaa mahali pamoja miaka ishirini. Lakini mama aliyekimbia usiku na watoto wanne hakubeba karte. Karatasi zake zimeungua, na mkubwa wa shirika lake naye hajulikani alipo. Tukimdai karatasi kabla ya kumpa kiti, tumegeuza shirika kuwa kizuizi, na lilianzishwa liwe mlango. Wale wa Mpala walipokewa bila ukoo. Wale wa migodi ya Kolwezi walipokewa bila kijiji. Kwa nini wetu wadaiwe karte?

Na vijana? Historia inaonyesha kwamba hubaki pale wanapoaminiwa. Kijana aliyekimbia Masisi au Rutshuru anaweza kusomea watoto Biblia kwa lugha yao, kuandika majina ya jamaa mpya za avenyu, kusindikiza mzee hospitali. Tusingoje mpaka apate nguo nzuri ya Jumapili.

Mfano wa karibu tunao. Floribert Bwana Chui, mtoto wa Goma, alikuwa mfanyakazi wa OCC mpakani na rafiki wa watoto wa mitaani. Alikataa rushwa ili chakula kilichooza kisipite, akauawa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri huko Roma. Alikuwa mlei, kijana, mfanyakazi kama wengine, na watoto wa mitaani wa Goma walimjua kwa jina.

Kwa hiyo, wapendwa, juma hili shirika lenu litakapokutana, hesabuni nyumba za avenyu yenu zilizopokea wageni wa vita. Nendeni mkawaite, mume na mke pamoja na vijana wao, na mkubwa wa shirika aandike majina yao siku hiyo hiyo. Mambo ya karte yatafuata.