Silsila Iliyokatika Philae

Tumeulizwa zaidi ya mara moja kama wanaomwabudu Isis leo huko Ulaya na Marekani wameirithi dini ya Mafirauni. Jawabu letu ni kwamba hawakuirithi, wameisoma vitabuni.

Maandishi ya mwisho ya hieroglifu yanayojulikana yalichongwa hekaluni Philae, karibu na Aswan, mwaka 394 Miladia. Ilimu ya kuyasoma ikapotea hadi Mfaransa Champollion alipoyafumbua mwaka 1822. Jumuiya ya Golden Dawn, iliyoasisiwa London mwaka 1888, ikawaingiza Isis na Osiris katika ibada zake. Fellowship of Isis ikafuata Ireland mwaka 1976.

Makuhani wa kale waliamini kuwa nguvu ya uganga imo katika kulitamka jina sawasawa, nayo hieroglifu haiandiki irabu. Kiarabu nacho aghalabu huandikwa bila ya irabu, lakini sisi tunao walimu waliopokea matamshi kwa walimu wao. Silsila ya makuhani ilikatika, na hakuna kitabu kiwezacho kuiunga.

Hatuwacheki. Masandukuni mwetu, Muscat na London, zimo barua za mababu, za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Wazee wanaozisoma wamebaki wachache. Tuwapeleke watoto wakazisome mbele yao.