Uvunjaji wa Hidrokaboni

Uvunjaji wa hidrokaboni ni mchakato wa kiwandani wa kukata molekuli ndefu na nzito za mafuta ghafi kwa joto kali, mara nyingi kwa msaada wa kichocheo, ili zipatikane molekuli fupi zinazofaa kuwa petroli, dizeli, gesi ya mitungi na malighafi ya plastiki. Hidrokaboni ni kampaundi ya kaboni na hidrojeni pekee, na kadiri mnyororo wake wa kaboni unavyorefuka ndivyo inavyozidi kuwa nzito na ngumu kuwaka.

Uvunjaji hufuata ukenekaji, hatua ambamo mafuta ghafi huchemshwa hadi nyuzi 350 hivi za Selsiasi, mvuke ukapanda mnarani na kutona katika ngazi mbalimbali. Petroli, yenye kaboni 5 hadi 12 katika kila molekuli, hupatikana juu. Mafuta ya taa na dizeli hupatikana chini yake. Mafuta mazito na lami hubaki kitako. Hata hivyo, ukenekaji hutenganisha tu molekuli zilizokuwamo na hauumbi mpya, na mafuta ghafi mengi hubeba sehemu nzito kubwa kuliko soko linavyoweza kununua. Ziada hiyo ndiyo huvunjwa. Dekani yenye kaboni 10, kwa mfano, huweza kutoa oktani yenye kaboni 8, ifaayo kwa petroli, pamoja na etheni yenye kaboni 2, ambayo ndiyo malighafi ya mifuko na madumu ya plastiki. Na kwa kuwa hidrojeni iliyokuwamo haitoshi kuzijaza molekuli zote mbili, etheni hubaki na kifungo maradufu kati ya kaboni zake.

Mhandisi Mrusi Vladimir Shukhov alipata hataza ya uvunjaji kwa joto mwaka 1891, na William Burton akaufanya kuwa biashara kubwa nchini Marekani mwaka 1913. Mfaransa Eugène Houdry alileta kichocheo katika miaka ya 1930, na mwaka 1942 mtambo wa kwanza wa kichocheo kinachotiririka ulianza kazi Baton Rouge, Marekani. Katika mitambo ya aina hiyo mvuke wa mafuta mazito hukutana na unga laini wa zeoliti, madini yenye vitundu vidogo mno, kwenye joto la nyuzi 500 hadi 550, na kwa sekunde chache tu minyororo hukatika. Kila chembe ya unga hutoka imefunikwa kaboni ngumu iliyoizibia vitundu; hupelekwa chumba cha pili, kaboni hiyo ikachomwa kwenye joto la nyuzi 700 hivi, kisha unga uliosafika hurudi ukiwa umebeba joto lile lile linalohitajika kuvunja mafuta mengine. Taka ya mtambo ndiyo kuni zake, na ubunifu huu unastahili heshima kubwa katika kemia ya viwandani.

Afrika Mashariki ilijenga viwanda vya kusafisha mafuta bila hatua hii. Kiwanda cha Mombasa, kilichofunguliwa mwaka 1963, na cha TIPER huko Kigamboni, Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1966 kwa ubia wa Tanzania na Waitalia, vilikuwa vya aina sahili: vilikeneka na kuboresha petroli, lakini sehemu nzito ilitoka kama ilivyoingia na kuuzwa kwa bei ya chini. TIPER iliacha kusafisha mafuta mwishoni mwa karne ya 20 na kubaki ghala. Mombasa ilisimama mwaka 2013, baada ya mipango ya kuiongezea mitambo ya kisasa kutotekelezwa. Sababu zilikuwa nyingi, lakini kiwanda kisichoweza kuvunja mabaki yake hakikuwa na njia ya kushindana na vile vya Ghuba na India.

Kwa hiyo mafuta yanayouzwa Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma, magharibi mwa Tanzania, hushushwa bandarini yakiwa tayari yamesafishwa ng'ambo, kisha husafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, na gharama ya safari hiyo huonekana katika bei kikomo ambazo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza kila mwezi kwa kila wilaya. Kabla ya gridi ya Taifa kufika mwaka 2022, miji hiyo iliwashiwa umeme kwa majenereta ya dizeli. Mabaki mazito nayo yamefika: barabara ya Kabingo–Kibondo–Kasulu–Manyovu imetandikwa lami, ambayo ni sehemu ya mafuta ghafi iliyoachwa bila kuvunjwa.

Katika soko hilo la Tanzania, ukaribu wa urefu wa minyororo ya mafuta ya taa na ya dizeli ndio unaorahisisha uchakachuaji, kwa maana vimiminika hivyo huchanganyika bila jicho kutambua. Ndiyo sababu mafuta yalianza kuwekwa vinasaba, yaani kemikali za utambulisho, mwaka 2010.

Mafuta ghafi ya Hoima, Uganda, yana nta nyingi, yaani minyororo mirefu inayoganda katika joto la kawaida, hata bomba la kilomita 1,443 kwenda Chongoleani, Tanga, limesanifiwa kupashwa joto njia nzima. Nta hiyo ni malighafi nzuri ya uvunjaji, na kiwanda cha mapipa 60,000 kwa siku kinachopangwa Kabaale, wilayani Hoima, kitaweza kuifaidi endapo tu kitajengwa na mitambo ya kuivunja.