Shamba la Ukoo na Shamba la Kampuni: Majani Chai, Ardhi na Majina Katika Nchi ya Kericho

Katika nchi za mizabibu, mathalan Ufaransa au Rasi ya Tumaini Jema, shamba kongwe aghalabu hujulikana kwa ukoo unaolimiliki, na jina lake husafiri pamoja na chupa hata mnywaji aliye mbali akalitamka. Mgeni azuruye huko huonyeshwa nyumba ya mababu na ghala la mapipa. Msafiri atokaye Kericho kwenda Kisumu, akafika Kapsoit penye njia panda ya Sondu, amekwisha kupita katika mandhari iliyo karibu kufanana na hiyo: vilima vilivyopandwa kwa mistari, na kijani kisichokatika. Lakini kufanana huko ni kwa macho tu. Mashamba makubwa ya Kericho hayakuanzishwa na koo za wakulima. Yalianzishwa na makampuni, na juu ya ardhi iliyokuwa na wenyewe.

Chai ilipandwa kwanza nchini Kenya huko Limuru mwaka 1903. Kericho ilichelewa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitenga huko ardhi ya Wakipsigis kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani. Hao walilima kitani; bei ya kitani ikaanguka, na mradi ukafilisika. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 ardhi ile ilikuwa imeangukia mikononi mwa Brooke Bond na James Finlay. Hapana budi kusisitiza jambo hili: mradi ulipokufa, ardhi haikurudi kwa wenyewe; ilibadilisha mnunuzi. Mwaka 1934 ikapitishwa sheria ya kuwahamisha Talai, ukoo wa orkoiik, yaani viongozi wa kiroho walioogopwa na serikali, na wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria. Kwa hiyo, ukitafutwa ukoo wenye historia nzito katika nchi hii ya chai, ni huo uliofukuzwa.

Shamba la ukoo kwa maana ya wenye mizabibu lipo, lakini liko Limuru. Ni Kiambethu, alikohamia A. B. McDonell mwaka 1910 na kupanda chai mwaka 1918. Wageni hupokewa humo na kizazi chake, wakaelezwa jinsi jani linavyogeuka kuwa chai, wakatembezwa msituni, kisha wakala chakula cha mchana bustanini. Masimulizi hayo yana mwanzo, wahusika na nyumba.

Huko Kericho mgeni huonyeshwa vitu vya namna nyingine: Hoteli ya Chai, iliyojengwa na Brooke Bond katika miaka ya 1950, na bustani ya miti ya Chagaik penye bwawa, iliyopandwa baada ya Vita Kuu ya Pili na mkulima wa chai, Tom Grumbley. Ni mahali pazuri, wala haifai kupabeza. Ila pote pawili panasimulia habari za kampuni na watumishi wake wakubwa. Hata chai yenyewe haisimulii kitu: sehemu kubwa hupelekwa mnadani Mombasa, ulikohamishiwa mnada kutoka Nairobi mwaka 1969, kisha huchanganywa na chai nyingine, na jina la shamba likapotelea humo.

Ushahidi uliobaki, basi, ni wa lugha. Kiambishi Kap- katika lugha za Kikalenjin hutaja kwao fulani, au mahali pa kitu fulani: Kapsoit, Kapkatet, Kapsabet. Jina la namna hiyo ni dai la ukaaji, nalo lilitamkwa kabla ya mche wa kwanza wa chai. Makampuni yenyewe yaliyachukua majina ya Wakipsigis na kuyapa mashamba yao, yakiyaandika kwa masikio ya Kiingereza. Ndipo Kimulot ikawa Kymulot. Mtu aliyejali lugha miongoni mwa wakulima wa Kizungu alikuwa I. Q. Orchardson, aliyeishi na Wakipsigis. Maandishi yake ya miaka ya 1929 hadi 1937 yalihaririwa na A. T. Matson na kuchapishwa mwaka 1961.

Tabaka la pili la maneno lililetwa na wachumaji. Wengi walitoka kwa Waluo, Wagusii na Waluhya, na Kiswahili kikawa lugha ya kambini. Nyapara, neno la misafara ya karne ya 19, likawa la msimamizi wa wachumaji. Kipande kikawa kile cheti alichopaswa Mwafrika kukichukua popote aendapo. Maneno haya hayakuzaliwa Kericho, lakini huko yalipata uzito ambao kamusi hazitoshi kuueleza.

Wenye mashamba wameendelea kubadilika. Brooke Bond ilinunuliwa na Unilever mwaka 1984. Unilever nayo ikauza biashara yake ya chai kwa CVC mwaka 2022. Mwaka 2023 ikatangazwa kwamba mashamba ya James Finlay yangeuzwa kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Katika mabadiliko yote hayo, Chagaik imeendelea kuitwa Chagaik, na Kapsoit Kapsoit. Majina madogo ya vijito, malisho na maboma yaliyofunikwa na michai ndiyo yaliyo hatarini, kwa kuwa wayajuao ni wazee. Na kuyakusanya, pamoja na matamshi na masimulizi yake, ni kazi ya wanaisimu kabla ya kuwa ya wanahistoria.