Maneno Yaliyopishana Hewani

Kisiwa cha Tenerife ni cha Wahispania, ingawa kiko karibu na pwani ya Afrika, upande wa Moroko. Kiwanja chake cha ndege cha Los Rodeos kiko juu mlimani, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na mawingu hupita juu ya ardhi yake kama moshi. Hapo ndipo walipokufa watu 583, siku ya Dominika, tarehe 27 Machi 1977. Hata leo hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi kuliko hiyo. Na ndege zenyewe hazikuwa na kasoro yoyote, tena zote mbili zilikuwa bado kiwanjani.

Zilikuwa Boeing 747, moja ya KLM ya Uholanzi, nyingine ya Pan American ya Marekani. Safari yao ilikuwa ya kisiwa cha jirani, Gran Canaria. Lakini bomu lilipasuka katika jumba la abiria huko, kiwanja kikafungwa, na ndege nyingi zikapelekwa Los Rodeos. Zikajaa hata zikaziba njia ya pembeni. Basi, ndege iliyotaka kuondoka ilipaswa kutembea juu ya barabara yenyewe ya kurukia mpaka mwisho wake, kisha igeuke. Hapo wingu likashuka. Mwongozaji mnarani hakuziona ndege, marubani hawakuonana, wala kiwanja hakikuwa na rada ya kuonyesha vyombo vilivyo chini. Ikabaki redio tu.

Mholanzi alitangulia, akafika mwisho, akageuka. Mmarekani alikuwa angali barabarani, mbele yake, akitafuta mahali pa kutokea.

Rubani mkuu wa KLM alikuwa mtu wa heshima kubwa, mwalimu wa marubani wa 747 katika kampuni yake. Hata msaidizi wake alikuwa amepimwa naye. Alikuwa na haraka, maana sheria ya Uholanzi juu ya saa za kazi ilikuwa kali, na kuchelewa zaidi kungemzuia kuruka siku ile. Alipoanza kuongeza nguvu za injini, msaidizi alimkumbusha kwamba ruhusa haijatoka. Akajibu kwamba anajua, basi aiombe. Msaidizi akaiomba, na mwongozaji akamsomea njia ya kufuata akiisha kuruka. Hiyo ni ruhusa ya njia, na ruhusa ya kuruka ni nyingine, hutolewa peke yake. Lakini ndani ya maneno yale lilikuwamo neno "kuruka", na mwenye haraka alisikia alichokuwa akikingoja.

Msaidizi akarudia maagizo, kisha akamaliza kwa maneno ya Kiingereza ambayo kwetu yangekuwa hivi: "Sasa tuko kwenye kuruka." Ndege ilikuwa imekwisha kuanza kukimbia. Wataalamu wa lugha wameeleza kwamba Kiholanzi hutumia maneno ya mahali kwa kutaja jambo linalotendeka sasa hivi. Huenda aliwaza Kiholanzi akatamka Kiingereza. Mwongozaji Mhispania yeye alisikia mahali: huyu yuko penye kurukia, ananingoja. Sisi wa Kongo tusishangae. Mtu wa Lubumbashi husema "niko nakula", na kwake "niko" ni kitendo kinachoendelea. Mtu wa pwani, kwa neno lile lile, hufikiri kwanza mahali. Ugeni huo kwetu ni wa kuchekana sokoni tu.

Mwongozaji akasema, "Sawa." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: ngoja, nitakuita. Dakika ile ile Wamarekani, wakiwa wameshtuka, walisema kwamba wangali barabarani. Sasa redio ya ndege ina tabia yake. Wawili wakisema pamoja katika wimbi moja, sauti zao hugongana, na msikilizaji hupata mlio. Ndani ya ndege ya KLM lilisikika wazi neno "Sawa", halafu mlio mkali wa sekunde 3 hivi. Onyo mbili zilipotea pamoja, na neno lililopona ni lile lisilokuwa na maana yoyote ya sheria.

Bado nafasi ilikuwapo. Mwongozaji aliwaambia Wamarekani watoe habari watakapotoka barabarani, nao wakaitika, na hayo yaliweza kusikika katika KLM. Fundi aliyeketi nyuma ya marubani akauliza: je, huyo Pan American hajatoka? Rubani mkuu akajibu kwa mkazo kwamba ametoka. Fundi hakuuliza tena. Kwa maoni yangu, hapo ni pazito kuliko sarufi yote ya Kiholanzi. Kama sekunde 13 baadaye ndege ziligongana. Wote 248 wa KLM walikufa. Kwa Pan American walikufa 335, wakapona 61.

Wachunguzi wa Hispania walimlaumu kwanza rubani aliyeondoka bila ruhusa. Waholanzi walikaza kwamba maneno yalieleweka vibaya pande zote. Kanuni zikabadilishwa: siku hizi neno la kuruka hutamkwa redioni tu wakati ruhusa yenyewe inapotolewa au inapofutwa, na pengine pote husemwa "kuondoka". Tena makampuni yakaanza kuwafundisha wasaidizi kusema, na wakubwa kusikiliza.

Somo hilo la pili lilichelewa kufika. Tarehe 25 Januari 1990, Boeing 707 ya Avianca kutoka Kolombia ilizungushwa hewani zaidi ya saa moja kabla ya kufika New York. Msaidizi aliomba "kipaumbele", akasema mafuta yanakwisha, lakini neno la hatari lililopatanwa hakulitamka, ingawa mkubwa wake alimwagiza. Walishindwa kutua mara ya kwanza. Mwongozaji alipotaka kuwazungusha tena, aliuliza kama mafuta yanaruhusu. Msaidizi akajibu kwa adabu kwamba anadhani ndiyo, akashukuru sana. Dakika chache baadaye injini zilizimika. Kati ya watu 158 walikufa 73.